Likizo ya Mpiga Kinanda

Ukitaka kumjua Hironimus Ndunguru kwa sura, usiende kanisani. Kanisani utauona mgongo wake tu. Miaka nenda rudi waumini wa parokia ile ya pembeni mwa Songea wamekuwa wakiutazama mgongo huo: koti la kijivu alilolishona mwenyewe, kisogo kilichoanza kuota mvi, na mabega yanayopanda na kushuka kadiri wimbo unavyopanda na kushuka. Wapo watoto aliowapigia kinanda siku ya ubatizo, akawapigia kipaimara, akawapigia na ndoa, na bado wakikutana naye sokoni wanampita kama mgeni, kwa sababu hawajawahi kumwona kwa mbele.

Kinachomlisha ni cherehani. Ana kibaraza karibu na soko, anashona sare za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda. Kibaraza hicho anakigawana na Jumanne, mzaliwa wa Nalasi kule Tunduru, ambaye upande wake wa meza anauza korosho. Wawili hao wamezoeana hata wakitukanana wateja hawashtuki.

Kinanda alifundishwa ujanani na bradha mmoja mmisionari, mzee mkali aliyekuwa akimgonga vidole kwa rula kila alipokosea. Mzee yule alipofariki, parokia ikabaki na kinanda na Hironimus, na kwa mawazo ya watu wengi hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Kinanda hakichoki. Basi na yeye hachoki.

Tuseme ukweli, kanisa letu linajua kuomba, na siyo kumwomba Mungu peke yake. Misa ya kwanza ilikuwa ya Hironimus. Misa ya pili ilikuwa yake pia. Misa ya watoto akapewa kwa sababu mlezi wao alisema bila kinanda watoto wanapiga kelele. Wanapiga kelele hata kikiwepo. Jumamosi kuna ndoa. Katikati ya wiki bodaboda inasimama mbele ya kibaraza, mtu anashuka na uso wa huzuni, "Mwalimu, tumepata msiba, tunazika saa nane," naye anainuka na kuacha suruali ya mtu imeshonwa mguu mmoja. Jioni kuna mazoezi ya kwaya. Masista wakiwa na jubilei, yeye. Kigango cha mlimani kikitembelewa na Askofu, yeye, kinanda amekipakata kwenye pikipiki kama mtoto mgonjwa. Na kila baada ya shughuli kuna mtu wa kumshika mkono na kumwambia, "Mungu atakulipa, Mwalimu." Nimewachunguza wanaosema hivyo. Ndio hao hao wa kwanza kwenda kwenye chakula.

Hironimus hakuwahi kukataa. Alikuwa na neno lake moja, "Haya," na kwa neno hilo mkewe Walburga alikula chakula cha mchana cha Jumapili peke yake muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka. Walburga ni mkulima wa bustani bondeni, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Binti yao Noela yuko Dodoma, ameolewa. Kwa hiyo Jumapili mchana mezani palikuwa na ugali, likolo, mboga ya majani aliyoichuma asubuhi, dagaa wa Nyasa, na kiti cha Baba Noela bila Baba Noela.

Ajali ilitokea Dominika ya tatu ya Kwaresima.

Kila Mkatoliki anajua kwamba Kwaresima "Utukufu" hauimbwi. Baada ya "Bwana Utuhurumie" padre anaingia moja kwa moja kwenye sala, kanisa linabaki na ukavu wake wa toba. Siku hiyo "Bwana Utuhurumie" ulipokwisha, mikono ya Hironimus ikaendelea yenyewe. Ikapiga utangulizi wa "Utukufu", ule wa shangwe, wa Pasaka, kwa sauti ya juu. Kwaya imezoea kufuata kinanda, nayo ikasimama na kupaza sauti: Utukufu kwa Mungu juu mbinguni! Wazee wakatazamana. Mwanamke mmoja, kwa mazoea, akapiga kigelegele. Padre Yohanes, aliyekuwa amekwisha inua mikono kusali, akaishusha, akasimama na joho lake la zambarau akingoja utukufu uwaishie.

Watu walicheka wiki nzima. Jumanne, ambaye si wa dini hiyo, alisikia habari kwa wateja, akataka aelezwe kosa lilikuwa wapi. Alipoelezwa akasema, "Ni kama mtu kupiga takbira za Idi katikati ya Ramadhani. Rafiki yangu, wewe hukukosea. Wewe ulikuwa umelala."

Hironimus naye alicheka, mchana. Jioni hakucheka. Alikaa uani kwake, mtaa wa Lizaboni, Walburga akichambua maharage, akamwambia jambo ambalo lilimwogopesha kulisema.

"Mama Noela, ile siku sikukosea kwa haraka. Sikujua ni Kwaresima. Kitambaa cha zambarau kipo mbele yangu, nimekitazama, sikukiona. Na kuna kingine." Akavuta kiti karibu. "Sikumbuki mara ya mwisho niliposali. Nipo kanisani kuliko sista, lakini sisali. Nahesabu mapigo tu, naangalia padre amefika wapi. Zamani nilikuwa nikigusa kinanda mwili unanisisimka. Sasa hivi ni cherehani. Nakanyaga, nguo inatoka."

Walburga hakumwonea huruma haraka. "Na Raphael je?"

Raphael ni mwimba besi, dereva wa bajaji, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye kwa muda mrefu aliomba afundishwe kinanda. Hironimus alimfundisha nusu. Kila Raphael alipokaribia kupiga wimbo mzima mbele ya watu, Hironimus aliona kasoro: kidole gumba kimekaa vibaya, mdundo unakimbia, subiri kwanza Pasaka ipite. Pasaka zilipita nyingi.

"Raphael bado," akasema Hironimus.

"Bado tangu lini?" Walburga akatupa pumba kwa kuku. "Baba Noela, nikuambie ukweli ukasirike? Umechoka, nakuona. Lakini unapenda kuombwa. Bodaboda ikisimama pale kibarazani roho inakupanda. Unajisemea, bila mimi hawa watazikaje."

Alikasirika kweli. Akaenda kulala bila kumaliza chai. Lakini asubuhi alivaa koti lake, akaenda kumwona Padre Yohanes kuomba apumzike mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, akae chini na watu wengine, asikilize neno la Mungu kama mtu aliyekwenda kulisikiliza. Alihofu kwamba asipopumzika sasa, siku moja atafunga kifuniko cha kinanda na kutoka nje ya kanisa lenyewe asirudi. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha, naye hakuwa amemwambia mtu, hata Walburga.

Sasa, mtu wa kwetu hawezi kuingia kwa Paroko na kusema "naacha". Kuna njia zake. Kwanza salamu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina, Mwalimu. Karibu. Utukufu haujambo?"

Wakacheka. Halafu wakaongea mvua. Halafu mahindi. Halafu Hironimus akaanza kuzunguka: kwamba kazi ya Mungu ni njema, kwamba ameifanya kwa moyo, kwamba hata hivyo mwili nao ni mwili, kwamba miaka imekwenda, na kwamba pengine, kwa kibali cha Baba Paroko, siku hizi anajisikia, kwa kweli, kama amechoka kidogo.

Padre Yohanes ni mtu mwema na msikivu, na ubaya ulianzia hapo. Alisikiliza kwa makini, akaelewa vingine kabisa. Kwetu mtu mpole akisema amechoka, maana yake hajashukuriwa. Padre akasimama, akamshika Hironimus mabega, machozi yamemlengalenga.

"Mwalimu, tusamehe. Tumekusahau. Harusi ngapi, misiba mingapi, na hatujawahi hata kukuita mbele tukasema asante. Ni aibu yetu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Basi Pasaka hii tutakutuza!"

"Baba, mimi nilikuwa nasema..."

"Usiseme kitu. Unyenyekevu wako ninaujua." Na palepale akampigia simu Lidwina, mwenyekiti wa kwaya.

Mkuki ukishatoka mkononi haurudi. Lidwina ni mwanamke ambaye akishika jambo hata mbuzi wa jirani wanajua. Kufikia jioni jumuiya zote zilikuwa na habari. Ilipangwa Dominika ya pili ya Pasaka, baada ya komunyo, Mwalimu Hironimus aitwe mbele pamoja na mama yetu Walburga, wakalishwe vitini, watuzwe. Watu kumi wakamsimamisha njiani kumwambia amestahili. Angewezaje tena kuomba kupumzika? Mtu anakushonea nguo, wewe umwambie unahama mji?

Alipomweleza Walburga, mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikaisha, akamtazama mumewe kwa muda.

"Kwa hiyo umeenda kuomba utuliwe mzigo, umerudi na mbuzi."

"Sijui kama ni mbuzi."

"Ni mbuzi. Lidwina kashamchagua."

Jumanne naye alitoa lake akibangua korosho. "Muadhini wetu Nalasi aliwahi kuugua koo. Akasimama mwingine, sauti kama beberu aliyenaswa kwenye uzio. Tulivumilia. Na swala ikatimia, ndugu yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Hironimus akasema kwamba mambo ya kinanda ni tofauti. "Hata yeye alidhani hivyo," akasema Jumanne. "Alipopona akakuta watu wameshamzoea beberu."

Maneno hayo Hironimus alikwenda nayo nyumbani. Alitaka kupumzika, na papo hapo aliogopa kwamba anaweza kupumzika na pasitokee kitu.

Dominika yenyewe ikafika, na kanisa likajaa mpaka nje. Walburga alivaa kitenge kipya. Hironimus alipiga Misa yote kama kawaida. Baada ya komunyo Lidwina akachukua kipaza sauti, akasoma sifa ndefu ambazo nusu yake zilikuwa za kweli, akamwita Mwalimu na mama. Viti viwili vilikuwa vimewekwa mbele ya altare, vimefunikwa vitambaa. Walburga akaenda. Hironimus akainuka kwenye kinanda, makofi yakapigwa, akapiga hatua mbili kuelekea kwenye kiti chake.

Lidwina akamwinamia sikioni. "Mwalimu, samahani. Ule wimbo wa shukrani, wa mavuno. Tuanzishie tu. Watu watatuza na wimbo gani?"

"Raphael..."

"Raphael bado, wewe mwenyewe unasema. Dakika moja tu, Mwalimu. Tuanzishie, halafu uje ukae."

Akasema, "Haya."

Akarudi akakaa. Akaanzisha. Wimbo ule ni mali ya kwaya yao wenyewe, ulitungwa hapohapo parokiani, na ukishaanza ni mto wa masika. Watu wakainuka kwa mistari, wakicheza, jumuiya kwa jumuiya. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wakaja na mchele katika ungo, vitenge mabegani, vigelegele hadi darini. Mbuzi alikuwepo. Walipofika mbele walimkuta Walburga na kiti kitupu. Wakamfunika Walburga vitenge, vyake na vya mumewe. Wengine wakakumbuka mwenye shughuli yuko kwenye kinanda, wakamfuata hukohuko, wakamfunga kitenge shingoni huku akipiga, wakamwekea kibuyu cha asali miguuni, karibu na pedali, ikabidi azungushe mguu. Dakika moja ya Lidwina ilikwisha, ikaja nyingine na nyingine. Hakuna aliyeona ajabu. Mpiga kinanda anapigia sherehe yake mwenyewe; nani mwingine apige?

Kisha mstari ukapungua katikati, na Hironimus, akiwa anatazama juu ya bega kuona kama jumuiya ya mwisho imefika, akamwona mkewe.

Walburga alikuwa ameketi katikati ya rundo la vitenge, jogoo mwekundu mikononi, kiti kitupu kando yake. Hakuwa amekunja uso. Laiti angekuwa amekasirika! Alikuwa akimtazama kwa utulivu kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha siku aliyoanika nguo: ndivyo ilivyo, imenyesha siku zote. Hironimus aliona aibu ambayo hajaiona tangu siku za rula. Aliona kwamba mke wake ameshaacha kumsubiri.

Akainua mikono.

Kinanda kikanyamaza katikati ya mstari. Lidwina akageuka, macho yamemtoka. Sauti ya kwanza ya kwaya ikayumba, tena ikashuka kama mtu aliyekosa ngazi, na kwa nukta moja Hironimus alisimama pale akisikiliza, na siri ya moyo wake, tuiseme bila kumficha, ni kwamba alitamani wimbo uvunjike. Haukuvunjika. Akina mama wakaubeba kwa makofi. Mtu akavuta ngoma ya Misa ya vijana. Besi ya Raphael ikakamata chini, ikashika. Wimbo ulikuwa umeshuka sauti kidogo toka pale alipouacha, na katika kanisa zima pengine ni yeye peke yake aliyejua.

Ilimuuma. Akatembea mpaka kwenye kiti, kitenge kikiburuta, akakaa kando ya mkewe.

Ubeti wa kwanza ukaisha, wakaingia wa pili, naye akafungua kinywa ili aimbe na watu. Hakikutoka kitu. Noti zote alizijua, mpaka ile ya alto ambayo watu huikosea. Lakini maneno hakuyajua. Mwaka hadi mwaka aliupiga wimbo huo kwenye mavuno na kwenye ndoa, na maneno ya ubeti wa pili hayakuwahi kumfikia, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akitazama kama padre amekaa au bado.

Akamwinamia Walburga. "Wanasemaje hapa?"

Walburga akamtazama aone kama anatania. Kisha akamwambia sikioni, taratibu, kama anavyoambiwa mtoto wa katekisimu:

"'Nilisinzia shambani mwako, Bwana, ukafukuza ndege wewe mwenyewe.'"

Hironimus akalia. Hakujizuia na hakujificha, alilia mbele ya altare na kitenge shingoni, na watu wakaongeza vigelegele, wakasema, tazameni mtu mnyenyekevu anavyoguswa na zawadi. Walburga peke yake alijua kwamba hazikuwa zawadi zilizomliza. Akamwachia bega lake.

Wimbo ulipoisha Lidwina alimletea kipaza sauti kwa neno la shukrani, kama ilivyo desturi. Hironimus akasimama. Safari hii hakuanza na mvua wala mahindi.

"Ndugu zangu, asanteni. Mmenipa vingi na sikuja kuvidai. Baba Paroko, nilikuja kwako kuomba likizo, nikaogopa kulitaja neno. Leo nalitaja. Naomba mwaka mmoja. Sisafiri, siumwi, sijakasirika na mtu. Nitakuwepo hapa kila Dominika, nimekaa na mke wangu. Nataka kusali." Akamtafuta Raphael kwa macho. "Raphael nimemchelewesha mimi. Kosa si lake. Akikosea, nyie imbeni tu. Nimewasikia leo, mnaweza."

Padre Yohanes akalinganisha alichosikia sasa na alichodhani alisikia siku ile ofisini. Uso ukamjaa haya. Akainamisha kichwa, akasema, "Nenda ukakae, Mwalimu," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Ukabaki wimbo wa kutokea. Raphael akaitwa, akaja akijifuta mikono kwenye suruali kana kwamba ametoka kufungua injini. Akakaa. Akatafuta noti ya kwanza, akaikosa, akaipata. Alipoanza, kidole gumba kilikuwa kimekaa vibaya na mdundo ulikimbia, vile vile kabisa kama Hironimus alivyosema siku zote. Kwenye mstari wa tatu akagonga noti ambayo haimo katika wimbo huo wala mwingine wowote.

Hironimus akashtuka. Mikono yake ikainuka toka mapajani, vidole vimeshajipanga, magoti yameanza kunyooka.

"Shika huyu," Walburga akasema, akamtwika jogoo.

Jogoo alikuwa mzito na mwenye hasira, mabawa yake yalihitaji mikono miwili. Hironimus akamkumbatia kifuani, akakaa tena, na alipopata pumzi akaanza kuimba na watu wengine, kwa kukosea maneno.